Meno 120, wagonjwa 24: mipaka ya uhakika ihesabiweje?

*Swali: Naandika tasnifu ya uzamili ya udaktari wa meno. Nimepima uwezo wa picha za eksirei kugundua meno yaliyooza, nikizilinganisha na kipimo cha rejea. Nina wagonjwa 24. Kati ya meno 120 yaliyooza kweli, picha ziligundua 102, yaani unyeti wa asilimia 85, na mipaka ya uhakika ya asilimia 95 niliyoipata ni 78.6 hadi 91.4. Kati ya meno mazima 96 ya wagonjwa haohao, hakuna hata moja lililosomwa kuwa limeoza. Umahususi basi ni asilimia 100, na programu imenipa mipaka ya 100 hadi 100. Kwenye ikisiri nimeandika kwamba unyeti unavuka asilimia 75, kiwango tulichojiwekea tangu mwanzo. Mhakiki amenirudishia kazi akisema sikuzingatia kwamba mgonjwa mmoja ana meno mengi. Je, nichague jino moja kwa kila mgonjwa? Au nitumie fomula ya Wilson, ambayo nimesikia ni bora? Kikokotoo cha mtandaoni kilisema sampuli ya 120 inatosha. Nimeambatanisha mgawanyo: wagonjwa 15 hawakukosewa jino lolote (saba wana meno 4 yaliyooza, wanane wana 5), watano wenye meno 5 walikosewa jino moja kila mmoja, wanne waliobaki walikosewa meno 2 kati ya 6, 3 kati ya 7, 4 kati ya 6 na 4 kati ya 8.*

Mhakiki wako yuko sahihi, lakini usikate tamaa. Data zako hazina kasoro, wala asilimia 85 haina kasoro. Kilichokosewa ni upana wa mipaka uliyoizungushia hiyo 85, yaani masafa ambamo unyeti wa kweli unatarajiwa kuwamo, na hilo linarekebishika kwa kikokotoo cha mkononi. Shida yenyewe utakutana nayo tena na tena katika fani yenu, na si nyinyi peke yenu. Wa macho wana macho mawili kwa kila mgonjwa, wa ini wana vivimbe kadhaa kwenye ini moja, wa moyo wana mishipa kadhaa kwenye moyo mmoja.

Tuanze na fomula uliyoitumia, ile ya kuchukua kipeuo cha pili cha p(1−p)/n (p ni sehemu iliyogunduliwa, kwako 0.85, na n ni idadi ya meno), kuzidisha kwa 1.96, kisha kujumlisha na kutoa. Ndani yake mna sharti ambalo programu haikuulizi kama limetimia: kila jino liwe limeleta habari yake lenyewe, bila kuathiriwa na jino jingine. Kwa meno ya kinywa kimoja sharti hilo halitimii. Mgonjwa akitikisika wakati wa kupigwa picha, picha nzima inaingia ukungu na meno yake yote yanakuwa magumu kusomwa. Mwenye meno yaliyobanana, picha zake zitaonyesha jino likifunika jirani yake kila upande. Mwenye madini mengi ya kuzibia meno kinywani atakuwa na vivuli hapa na pale. Msomaji wa picha naye, akishaona mapango mawili kwa mgonjwa fulani, la tatu analitafuta kwa jicho kali zaidi. Kwa hiyo ukijua kwamba jino moja la mgonjwa fulani limekosewa, tayari umejua jambo kuhusu yale mengine. Ni kama mashahidi watano waliosimuliwa kisa na mtu mmoja: ni watano kwa idadi, lakini ushahidi wao haufiki wa watu watano.

Angalia mgawanyo wako ulivyokaa. Picha zilikosa meno 18. Kama makosa hayo yangeangukia meno bila mpangilio wowote, ungetarajia yasambae, mgonjwa huyu moja, yule moja, wachache wawili. Badala yake wagonjwa wanne wamebeba makosa 13 kati ya 18, na wagonjwa 15 hawana kosa hata moja. Hicho ndicho watakwimu wanakiita vishada, na kila mgonjwa hapa ni kishada kimoja.

Sasa tuhesabu upya. Njia ninayoipenda kwa kazi ya aina hii waliieleza Rao na Scott mwaka 1992, na uzuri wake ni kwamba haikulazimishi kudhani umbo lolote la mfanano baina ya meno. Inauliza tu kila mgonjwa amepotoka kiasi gani kutoka wastani. Kwa jumla umekosa asilimia 15 ya meno, kwa hiyo mgonjwa mwenye meno 5 ungetarajia akosewe 0.75. Asiyekosewa hata moja amepotoka kwa −0.75. Aliyekosewa 4 kati ya 6, matarajio yake yalikuwa 0.9, kwa hiyo amepotoka kwa 3.1. Fanya hivyo kwa wote 24, chukua kipeo cha pili cha kila tofauti, jumlisha. Nimepata 29.795. Mgonjwa huyo wa 4 kati ya 6 peke yake kachangia 9.61, karibu theluthi ya jumla yote. Wale 15 wasio na kosa, wote kwa pamoja, wamechangia 7.02. Zidisha jumla kwa 24/23, gawanya kwa 120 kipeo cha pili, na kipeuo cha pili cha jibu ni 0.0465. Hilo ndilo kosa sanifu lako la kweli, yaani kipimo cha jinsi kadirio lako linavyoweza kuyumba. Ulilolitumia lilikuwa 0.0326.

Ukigawanya mtawanyiko huu mpya (kosa sanifu likipandishwa kwenye kipeo cha pili) kwa ule wa zamani unapata 2.03. Namba hiyo, ambayo wapimaji wa sampuli wameizoea tangu Leslie Kish alipoieneza miaka ya 1960, inakuambia mtawanyiko umekuzwa mara ngapi kwa sababu ya vishada. Gawanya 120 kwa 2.03, unabaki na 59. Yaani meno yako 120 yana uzito wa meno 59 yaliyotoka kwa watu 59 tofauti. Na mipaka uliyoiandika, inayojiita ya asilimia 95, katika hali ya namna hii ingekamata unyeti wa kweli mara 83 hivi katika tafiti 100, si mara 95. Jerzy Neyman alipoiweka nadharia ya mipaka hii mwaka 1937, hiyo asilimia ilikuwa ahadi kuhusu utaratibu wa kuhesabu, nawe umeitoa ahadi bila kuwa na akiba ya kuitimiza.

Tukija kwa Wilson, watu wengi wanachanganya matatizo mawili hapa. Fomula ya Wilson, ya mwaka 1927, ni bora kweli kuliko ile ya kawaida, hasa asilimia inapokaribia 0 au 100, kwa sababu huko kutojua kwetu hakulingani pande mbili. Juu kuna ukuta wa 100, chini kuna nafasi tele. Lakini Wilson hajui lolote kuhusu vishada. Ukimpa n = 120 atakupa 77.5 hadi 90.3, mipaka iliyokaa mahali pazuri zaidi lakini bado ni myembamba kupita kiasi. Dawa ni kuviunganisha viwili: mpe Wilson ile n ya 59 badala ya 120, na kwa kuwa wagonjwa ni 24 tu, badala ya 1.96 tumia 2.069, thamani ya t yenye digrii huru 23 (idadi ya wagonjwa ukitoa mmoja). Utapata 73.1 hadi 92.2.

Hapa pana jambo ambalo lazima nikuambie waziwazi, kwa sababu utaligundua mwenyewe usiku mmoja ukiwa peke yako na kompyuta. Ukitumia kosa sanifu lilelile jipya, lakini ukarudi kwenye fomula ya kujumlisha na kutoa, unapata 75.4 hadi 94.6. Mpaka wa chini umeruka juu ya 75 na ikisiri yako imepona! Usifanye hivyo. Fomula ya kujumlisha na kutoa inasukuma mipaka yote miwili juu pale asilimia inapokuwa kubwa na sampuli ndogo, na hiyo ndiyo sababu hasa Wilson anapendekezwa. Kuchagua njia baada ya kuona ni ipi inayokupa jibu unalolitaka ni kosa kubwa kuliko lile lililokurudishia kazi. Na kama utafiti wako unaning'inia kwenye tofauti ya 73 na 75, basi ukweli ni kwamba data haziamui jambo hilo. Andika kwamba kadirio ni asilimia 85 na kwamba haziondoi uwezekano wa unyeti ulio chini kidogo ya 75. Hakuna aibu katika sentensi hiyo.

Kuchagua jino moja kwa kila mgonjwa ni halali kitakwimu, ila ni ubadhirifu. Ukibaki na meno 24, na tuseme 20 kati yake yamegunduliwa, Wilson atakupa mipaka ya 64 hadi 93. Umewasumbua wagonjwa, umesoma picha za meno 120, kisha unatupa 96. Isitoshe, ukirudia bahati nasibu kesho utapata jibu jingine, na mhakiki mwenye wasiwasi atauliza kwa nini ulilipenda hili.

Wapo watakaokushauri ukokotoe asilimia ya kila mgonjwa halafu uchukue wastani wa zile 24. Hili si kosa, ila linajibu swali jingine. Kwako jibu linakuwa asilimia 87.8, si 85. Tofauti imetoka wapi? Katika 85 kila jino lina kura moja, katika 87.8 kila mgonjwa ana kura moja, awe na meno manne au manane. Na kwako wenye meno mengi yaliyooza ndio waliokosewa zaidi: wale wanne wenye meno 6 au zaidi ndio haohao wenye makosa 13. Sijui kama ulilitazama hilo. Kidaktari naliona lina uzito kuliko mjadala wote wa mipaka, maana linadokeza kwamba kipimo kinalegea palepale ambapo kinywa kina hali mbaya zaidi. Liandikie aya katika mjadala wa matokeo, ukikumbusha kwamba ni wagonjwa wanne tu. Kisha amua unazungumzia jino la kawaida au mgonjwa wa kawaida, useme hivyo kwenye sura ya mbinu, na ubaki hapo.

Umahususi sasa. Mipaka ya 100 hadi 100 haiwezi kuwa ya kweli, kwani ingemaanisha kwamba kwa meno 96 umethibitisha kuwa kipimo hakitakosea milele. Fomula ya kawaida inafika hapo kwa sababu p(1−p) ni sifuri pale p inapokuwa 1. Njia ya Clopper na Pearson ya 1934 inaokoa jahazi: usipokuwa na kosa hata moja, mpaka wa chini ni 0.025 iliyopandishwa kwenye kipeo cha 1/n. Kwa meno 96 yasiyotegemeana ungekuwa asilimia 96.2. Lakini vishada je? Hapa ule ufundi wa kupima upotofu wa kila mgonjwa hauna cha kushika, kwani wote wamepatia na hakuna tofauti ya kupima. Hata butistrapu, mbinu ya Efron ya 1979 ya kuchota upya kutoka data zako mwenyewe, itachota patupu mara elfu na kukurudishia 100 hadi 100. Data peke yake hazisemi lolote kuhusu mfanano huo, kwa hiyo itabidi uuazime.

Chanzo cha kuazima kipo kwenye unyeti wako mwenyewe. Ukuzaji wa 2.03 kwa wastani wa meno 5 unaashiria mfanano wa ndani ya mgonjwa wa 0.26 hivi, kwa kuwa ukuzaji unakaribia 1 + (m − 1)ρ, ambapo m ni idadi ya meno kwa mgonjwa na ρ ndio mfanano. Kwa meno mazima, m ni 4, ukuzaji unakuwa 1.78, na meno 96 yanakuwa na uzito wa 54. Mpaka wa chini unashuka hadi asilimia 93.4. Ukitaka kuwa mkali kabisa, uchukulie kwamba meno yote ya mgonjwa mmoja ni kitu kimoja, una n ya 24 na mpaka wa 85.8. Mimi ningeweka 93.4 kwenye jedwali, nikasema wazi kwamba mfanano umeazimwa kutoka upande wa unyeti na kwamba hakuna anayeweza kuahidi kuwa meno mazima yanafanana kwa kiasi hichohicho, kisha ile 85.8 nikaitaja kama hali mbaya kuliko zote.

Kuhusu kikokotoo cha mtandaoni: kilikuwa sahihi kwa swali ulilokiuliza, ila hakikujua kwamba meno yana wenyewe. Kwa utafiti ujao kumbuka kwamba kuongeza meno kwa wagonjwa walewale kunasaidia kwa kiasi kidogo, halafu kunagonga mwamba. Kwa ρ ya 0.26, hata kila mmoja wa wagonjwa wako 24 angekuja na meno yote 32 yameoza, Mungu apishe mbali, hayo meno 768 yangekuwa na uzito wa meno 85. Wagonjwa 24 wapya wenye meno 5 kila mmoja wangekuongezea 59 juu ya 59 ulizo nazo.

Huna haja ya kufanya haya kwa mkono kila mara. Kwenye programu ya takwimu ya R, kifurushi cha survey kinapokea namba ya mgonjwa kama kishada, na kazi yake ya svyciprop inatoa mipaka isiyolingana pande mbili. Kwenye Stata, programu nyingine ya takwimu, ni chaguo la vce(cluster). Majibu yanaweza kupishana kidogo na yangu kwa sababu kila programu ina fomula yake ya mwisho, jambo la kawaida. Utasikia pia habari za milinganyo ya Liang na Zeger ya 1986, njia nyingine ya kushughulikia vishada. Ni nzuri, hasa ukitaka kuingiza umri au aina ya jino, ila katika umbo lake la kawaida inahitaji vishada vingi. Ukiwa na 24 inaelekea kupunguza kosa sanifu, kwa hiyo omba marekebisho ya sampuli ndogo. Modeli za logisti zenye athari nasibu, zinazompa kila mgonjwa kiwango chake mwenyewe, nazo zina mtego wake: zinakadiria uwezekano kwa mgonjwa aliye katikati, ambao si sawa na asilimia ya meno yote, na namba mbili hizo hukutana kwenye jedwali moja bila kutambulishwa. Ukiamua kutumia butistrapu kwa unyeti, chota wagonjwa pamoja na meno yao yote, usichote jino mojamoja, la sivyo umerudi ulikoanzia.

Kwa hapo ulipo, unaweza kumjibu mhakiki mwenyewe. Lakini mtafute mtakwimu mkae meza moja kama mojawapo ya haya yanakuhusu. Ikiwa picha zilisomwa na zaidi ya mtu mmoja, una vishada viwili vinavyokatana, cha mgonjwa na cha msomaji, na hesabu niliyokufanyia haitoshi. Ukitaka kulinganisha eksirei na kipimo kingine kwenye meno yaleyale, usilinganishe mipaka miwili kwa macho kuona kama inapishana. Tofauti yenyewe inahitaji mipaka yake, na vipimo viwili kwenye jino moja navyo vinategemeana. Vilevile kama kipimo cha rejea kilifanyika zaidi kwa meno yaliyotiliwa shaka kwenye picha, basi upana si tatizo lako tena. Hiyo 85 yenyewe imepinda, na hakuna mipaka itakayoinyoosha. Na siku utakapokuwa na vishada chini ya 15 hivi, usitegemee fomula yoyote ya hapa bila mtu wa kukuangalizia.

Ukienda kumwona, nenda na faili yenye mstari mmoja kwa kila jino: namba ya mgonjwa, namba ya jino, jibu la picha, jibu la rejea, na nani alisoma. Usiende na jedwali la jumla kama lile la tasnifu, maana kwenye jumla ya 102 kati ya 120 wale wagonjwa wanne hawaonekani.